Pointi 2040 za Emma Raducanu: mwaka wa kudaiwa

Jumatatu moja ya Septemba 2022 niliandika namba mbili kwenye daftari langu: 11, na pembeni yake 83. Orodha mpya ya ubora wa wachezaji tenisi wanawake duniani ilikuwa imetoka asubuhi hiyo, baada ya US Open kumalizika. Emma Raducanu, aliyekwenda New York kutetea ubingwa wake, alikuwa ameporomoka nafasi 72 kwa mkupuo mmoja. Kikundi chetu kidogo cha wanaofuatilia kina dada wa Uingereza kilijaa salamu za rambirambi kana kwamba kuna msiba. Wengi walisema binti amekwisha. Wengine walisema alibahatisha tangu mwanzo.

Mimi naamini tuliisoma vibaya ile 83, na kwamba miezi miwili kabla yake, alipoingia 10 bora, tuliisoma namba vibaya zaidi. Ndiyo maana nimeona niandike kisa hiki chote, kuanzia pointi zilipoingia mpaka zilipotoka, kwa sababu kila msimu kuna msichana mwingine wa Uingereza tunayemshangilia au kumzika kwa kuangalia namba peke yake.

Kwanza, hesabu inavyokwenda. Orodha ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, haipimi nani anacheza vizuri wiki hii. Inajumlisha pointi za wiki 52 zilizopita, na wakati huo matokeo 16 bora ya mchezaji ndiyo yaliyohesabiwa. Mashindano yale yale yanaporudi mwaka unaofuata, pointi ulizochuma hapo zinafutwa, na zinaingia ulizopata safari hii. Ukifanya vizuri kama mwaka jana, unabaki pale pale. Ukifanya vibaya, unashuka hata kama miezi yote ya katikati ulikuwa unapanda. Wachezaji wenyewe husema wanatetea pointi. Mimi huona ni kama kukopa: unapewa leo, na tarehe ya kulipa inajulikana siku hiyo hiyo.

Bingwa wa shindano mojawapo kati ya yale manne makuu, yanayoitwa Grand Slam (Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open), hupata pointi 2000. Aliyefungwa fainali hupata 1300, nusu fainali 780, robo fainali 430, raundi ya nne 240. Anayetolewa raundi ya pili huondoka na 70, na anayetolewa raundi ya kwanza huondoka na 10. Ngazi hizo haziendi sawasawa. Ukitoka raundi ya pili hadi ya nne unaongeza pointi 170, lakini ukitoka nusu fainali hadi kombe unaongeza 1220. Kwa hiyo wiki mbili za ajabu zinaweza kubeba mwaka mzima wa mtu, na mwaka unaofuata wiki hizo hizo zikamtoa mwaka mzima.

Juni 2021 Emma alikuwa namba 338. Alikuwa na miaka 18, mzaliwa wa Toronto, baba Mromania na mama Mchina, aliyelelewa kusini mashariki mwa London tangu akiwa na miaka miwili. Miezi michache kabla alikuwa amekaa kwenye vitabu akijiandaa na mitihani ya mwisho ya sekondari. Wimbledon walimpa kadi ya mwaliko, kwa sababu namba yake haikumfikisha hata karibu na mlango. Akawafunga Vitalia Diatchenko, Marketa Vondrousova na Sorana Cirstea, kisha katika raundi ya nne dhidi ya Ajla Tomljanovic akashindwa kupumua vizuri na kulazimika kuacha mechi. Pointi 240 zikampandisha hadi 179. Akavuka kwenda Marekani, akafika fainali ya shindano la ngazi ya chini, WTA 125, huko Chicago, akafungwa na Clara Tauson, na akatua New York akiwa namba 150.

Namba 150 haikuingizi US Open. Inakupeleka kwenye mchujo, mechi tatu kwenye viwanja vya pembeni, na ukipoteza moja unafungasha. Mwenyewe alisema alikwishakata tiketi ya kurudi nyumbani kwa tarehe ya mwisho wa mchujo. Akashinda zote tatu. Kisha akashinda saba nyingine, dhidi ya Voegele, Zhang, Sorribes Tormo, Rogers, Bencic aliyekuwa ametoka kutwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo, Sakkari, na Leylah Fernandez kwenye fainali. Mechi kumi, seti ishirini, bila kupoteza hata moja. Hakuna mchezaji mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kutoka kwenye mchujo na kutwaa taji la Grand Slam tangu mashindano haya yafunguliwe kwa wachezaji wa kulipwa. Na tangu Virginia Wade atwae Wimbledon mwaka 1977, ilikuwa imepita miaka 44 bila mwanamke wa Uingereza kutwaa taji kubwa la mchezaji mmoja mmoja.

Fainali ilianza saa tano usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, Jumamosi tarehe 11 Septemba 2021. Sitaisahau ile gemu ya mwisho. Alikuwa anaongoza seti ya kwanza 6-4 na ya pili 5-3, mpira mkononi mwake. Dakika chache kabla alikuwa amepoteza pointi mbili za ubingwa katika gemu ya Leylah. Sasa akakimbilia mpira, akateleza, na sakafu ngumu ikamchuna goti la kushoto. Damu ikatiririka mguuni. Ubao ulisomeka 30-40, yaani pointi moja tu na Leylah angeichukua gemu hiyo. Sheria hairuhusu kucheza huku damu inatoka, kwa hiyo daktari akaingia na bandeji. Leylah, naye akiwa na miaka 19 tu, alikwenda kumlalamikia mwamuzi machozi yakimlengalenga, na sikumlaumu, maana joto la pambano lilikuwa upande wake. Emma akarudi mstarini na goti limefungwa. Akaiokoa pointi ile. Gemu ikavutana kidogo, kisha akapiga mpira wa kuanzishia uliokwenda pembeni kabisa na Leylah hakuugusa. Kuelekea saa saba usiku nikawa nimesimama sebuleni peke yangu, mkono mdomoni nisije nikawaamsha watoto.

Pointi 2000 za bingwa, jumlisha 40 za mchujo. Jumatatu akawa namba 23.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Siku anakuwa namba 23 duniani, Emma alikuwa hajawahi kushinda hata mechi moja katika ratiba kuu ya shindano la kawaida la WTA. Alikuwa amejaribu Nottingham, akafungwa na Mwingereza mwenzake Harriet Dart. Akajaribu San Jose, akafungwa. Ushindi wake wote mkubwa ulikuwa Wimbledon na New York. Pointi 240 na pointi 2040, mashindano mawili, ndiyo nguzo mbili zilizobeba jengo zima. Hakuwa bado amemfunga mtu yeyote wa 10 bora. Hata kwenye njia yake New York, wapinzani wake wawili wenye namba za juu, Bencic na Sakkari, walikuwa nje ya 10 bora.

Sisemi hivi kumpunguzia. Taji lile alilipigania kwa haki na halitafutika. Ninachosema ni kwamba ubingwa ulikuwa wake wa kudumu, ila pointi alikuwa amekopeshwa tu hadi Septemba inayofuata. Sisi mashabiki tuliyachanganya mambo hayo mawili, na magazeti ya London yaliyachanganya kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mtu anayejifunza kazi mbele ya watu wote. Aliachana na kocha Andrew Richardson wiki mbili baada ya kombe. Indian Wells alitolewa na Aliaksandra Sasnovich katika mechi yake ya kwanza. Ushindi wake wa kwanza kwenye shindano la kawaida la WTA ulikuja Oktoba, mjini Cluj, Romania, nchi ya baba yake, dhidi ya Polona Hercog, baada ya kupoteza seti ya kwanza. Bingwa wa US Open anashangilia kushinda mechi ya raundi ya kwanza! Desemba akapata Uviko. Januari, Sydney, Elena Rybakina alimfunga 6-0, 6-1.

Melbourne, kwenye Australian Open, nilimwona akicheza raundi ya pili dhidi ya Danka Kovinic huku mkono wa kulia umetoka malengelenge. Hakuweza kushika raketi sawasawa, kwa hiyo pigo lake la mkono wa mbele, silaha yake, likageuka kuwa la kuukata mpira tu, unaelea polepole na kudondoka. Kwa njia hiyo akachukua seti ya pili. Alifungwa ya tatu. Viganja laini namna ile ni vya mtu ambaye hajazoea msimu mzima. Baada ya hapo ikawa nyonga huko Guadalajara, mgongo huko Rome, mbavu huko Nottingham. Mwili wa mchezaji wa WTA hujengwa kwa miaka ya mashindano madogo, safari, mazoezi, kupona na kurudi tena. Yeye aliruka ngazi hizo zote kwa wiki tatu, na mwili ukaanza kumdai kabla orodha haijaanza.

Palikuwa na mazuri pia. Stuttgart alifika robo fainali na kumbana Iga Swiatek, aliyekuwa hashindiki msimu ule, kabla ya kufungwa 6-4, 6-4. Hiyo ikampa pointi 100. Madrid alifika raundi ya tatu, ya wachezaji 16. Lakini ukiziweka pointi hizo pembeni ya 2040, zinaonekana kama sarafu pembeni ya noti.

Sasa tufike Julai 2022, mahali tulipokosea zaidi.

Wimbledon ya mwaka huo iliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarusi kwa sababu ya vita vya Ukraine. WTA na ATP, chama cha wanaume, zikajibu kwa kuiondolea Wimbledon pointi zote. Lakini pointi za Wimbledon 2021 zilifutwa kama kawaida. Kwa hiyo kila mtu alilipa na hakuna aliyekopeshwa. Karolina Pliskova, aliyefika fainali mwaka uliotangulia, alipoteza 1300 bila nafasi ya kuzirudisha. Angelique Kerber alipoteza 780 za nusu fainali. Emma alifungwa na Caroline Garcia katika raundi ya pili, akapoteza zile 240 zake, lakini waliokuwa jirani naye walipoteza nyingi zaidi. Tarehe 11 Julai orodha ikatoka: Emma Raducanu, namba 10.

Tulisherehekea. Nilisherehekea na mimi, naliandika hapa wazi. Mchezaji aliyetoka kufungwa raundi ya pili alipanda, na Rybakina, aliyebeba kombe lenyewe la Wimbledon Jumamosi ile, alibaki namba 23 aliyokuwa nayo. Namba 23 ile ile ambayo Emma alirukia kutoka 150. Sioni mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi orodha inavyoweza kusema kitu kimoja na uwanja kikasema kingine.

Wiki hiyo hiyo, kwenye viwanja hivyo hivyo, Mkenya Angella Okutoyi na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa taji la wasichana wawili wawili, wakiwafunga Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Huku kwetu tulikesha kwa Angella, na tulikuwa na haki. Mboko nitamrudia, maana wazazi wake wametoka Kongo na hesabu za orodha zilimfuata naye baadaye.

Agosti mambo yakageuka, na ndicho kipande cha kisa hiki ninachokipenda kuliko vyote. Cincinnati, Emma alimkuta Serena Williams katika wiki za mwisho za maisha yake ya uwanjani. Akamfunga 6-4, 6-0. Kesho yake akamfunga Victoria Azarenka 6-0, 6-2. Mabingwa wawili wa zamani waliowahi kuwa namba moja, na Azarenka alipata gemu mbili tu. Mpira wake ulikuwa unagonga ndani ya mstari, miguu imepona, pigo la nyuma linakwenda sambamba na mstari wa pembeni bila kusita. Jessica Pegula ndiye aliyemsimamisha. Kwa macho yangu, huyu alikuwa Emma bora kuliko yule wa Mei na Juni.

Siku chache baadaye, 30 Agosti, deni likaiva. Alipangwa namba 11 kwenye shindano, na kura ikampa Alize Cornet, Mfaransa mwenye miaka 32 aliyekuwa anacheza Grand Slam yake ya 63 mfululizo, rekodi kwa wanawake. Hebu fikiria: mmoja ana Grand Slam 63 bila kukosa, na kwa mwingine hii ni ya sita tu. Cornet alishinda 6-3, 6-3. Pointi 2040 zikafutwa, zikaingia 10.

Kwa hiyo alipanda alipokuwa anapoteza na kuumwa, na alishuka alipokuwa ameanza kucheza vizuri. Ukiziondoa pointi za New York, kilichobaki ni mchezaji wa miaka 19 mwenye msimu mmoja tu wa utu uzima, anayestahili kuwa mahali fulani kati ya 70 na 90. Namba 83 ndiyo iliyokuwa ya kweli. Mwenyewe aliliona kabla yetu: baada ya mechi ile alisema, kwa namna fulani, anafurahi kuanza upya bila mzigo. Wengi walidhani anajifariji. Mimi sasa naamini alikuwa ameisoma hesabu vizuri kuliko sisi wote.

Linganisha na Johanna Konta, aliyetufundisha wengi wetu kufuatilia tenisi hii. Katikati ya 2015 Konta naye alikuwa nje ya 100, ila alikuwa amekwisha kula chumvi ya mashindano madogo kwa miaka. Akatoka kwenye mchujo wa US Open 2015 hadi raundi ya nne. Januari 2016 akafika nusu fainali Melbourne, pointi 780. Mwaka uliofuata pointi hizo zilipoiva, aliishia robo fainali, 430, pengo la 350. Lakini chini ya wiki mbili kabla ya kutolewa alikuwa ametwaa Sydney, 470. Deni likalipwa kwa mfuko mwingine na chenji ikabaki. Aliingia 10 bora Oktoba 2016 akiwa na miaka 25, mwanamke wa kwanza wa Uingereza tangu Jo Durie miaka ya 1980, na Julai 2017 akafika namba 4. Hakuna wiki moja iliyombeba Konta, kwa hiyo hakuna wiki moja iliyoweza kumwangusha.

Emma ilimbidi aanze kuijenga mifuko hiyo akiwa tayari na jina kubwa. Mei 2023 alifanyiwa upasuaji mikono yote miwili na kifundo cha mguu. Alirudi Auckland Januari 2024 akiwa namba 301. Juni mwaka huo, Eastbourne, alimfunga Pegula aliyekuwa namba 5 duniani. Huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza dhidi ya mtu wa 10 bora. Naurudia kwa sababu watu huwa hawaamini: aliwahi kuwa namba 10 yeye mwenyewe, akashuka hadi 301, ndipo akamfunga mtu wa 10 bora kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2025 daftari langu lilianza kujaa mistari midogo midogo. Robo fainali Miami. Robo fainali Queen's, na baada yake akampita Katie Boulter kuwa namba moja wa Uingereza. Raundi ya tatu Wimbledon, akifungwa na Aryna Sabalenka katika mechi ambayo ingeweza kwenda popote. Nusu fainali Washington. Cincinnati akamvuta Sabalenka zaidi ya saa tatu hadi seti ya mwisho iliyoamuliwa kwa pointi chache. Hakuna kombe hata moja hapo. Alimaliza mwaka akiwa namba 29.

Agosti hiyo hiyo, Victoria Mboko aliingia Montreal akiwa namba 85, akamfunga Naomi Osaka kwenye fainali, akatoka namba 24. Kikundi chetu kililipuka kwa furaha, na ilibidi iwe hivyo. Nami nilishangilia, kisha nikaenda kuandika kwenye daftari tarehe ambayo pointi zake za Montreal zitaiva, ili siku hiyo ikifika nisimwandikie rambirambi.

Na New York? Baada ya ile fainali ya 2021, Emma hakushinda mechi yoyote huko kwenye ratiba kuu kwa miaka mitatu: 2022 Cornet, 2023 alikuwa anauguza mikono, 2024 Sofia Kenin raundi ya kwanza. Mwaka 2025 akamfunga Ena Shibahara 6-1, 6-2, kisha Janice Tjen kwa urahisi ule ule, kabla ya Rybakina kumtoa raundi ya tatu. Kwenye daftari nikafuta 10 za mwaka uliotangulia na kuandika 130 za raundi ya tatu.